Sauti Yangu Ndani ya Kitunga

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu

Naandika kwa sababu Nasiba ameniomba. Anasema habari za soko nikimletea mchana ni samaki mdogo, na ikifika jioni samaki ameota miguu na anaongea Kifaransa. Kwa hiyo niandike kila siku kabla habari haijakua. Sawa. Mimi ni Sultani, fundi cherehani wa soko la Kamembe, hapa mpakani: ng'ambo ya daraja ni Bukavu ya Kongo. Shule niliacha darasa la tano, si kwa ujinga: mwalimu aliona amemaliza vya kunifundisha. Kiswahili changu ni safi, babu yangu alikileta kutoka Ujiji ndani ya mfuko wa shati. Maneno ya bamama, yaani akina mama wa soko, nitayaandika vile yanavyotoka, sitayapiga pasi: kwao "njo" ni ndio, "sawa" ni kama, "kamyo" ni lori.

Nasiba ni mtoto wa dada yangu. Tunaishi nyumba moja, yeye, mama yake na mimi. Amekulia chini ya cherehani yangu akiokota vifungo, kisha akaenda chuo kikuu kusomea kompyuta, akarudi. Sasa ametengeneza programu ya simu, ameiita Kitunga, yaani kikapu. Jioni mteja wa Bukavu anabonyeza anachotaka, nyanya, kabichi, karoti. Mama wa upande wetu anaona kwenye simu yake, na asubuhi anavuka daraja na mzigo ambao tayari una mwenyewe. Hakuna tena kuzunguka Bukavu mchana kutwa na kurudi na nyanya zilizopondeka. Hakuna kampuni nyuma yake. Ni yeye, kompyuta yake, na meza ya chakula ambayo siku hizi hatuli tena juu yake.

Nimeshawaambia watu kwamba wazo lilikuwa langu. Lilikaribia kuwa langu.

Jumatano, tarehe 6

Leo ni siku kubwa. Nasiba aliweka swali ndani ya Kitunga: unaionaje programu hii? Mtu anajibu kwa nyota, kuanzia moja hadi tano. Bamama wote wametoa tano. Nimetembea soko zima nikitangaza. Muuza nyama nimemwambia kwamba nyota nyingi namna hii zinapatikana hapa kwetu na mbinguni tu, na za mbinguni zingine zimeanza kuzimika.

Alhamisi, tarehe 7

Nasiba hakufurahi. Alinivuta mbele ya kompyuta, akanionyesha: wale waliotoa nyota tano, wengi hawajaifungua Kitunga tangu waiweke kwenye simu. Wanabeba mizigo kwa kubahatisha kama zamani.

"Wananipenda mimi, Mjomba," akasema. "Programu hawaitumii."

Halafu akatuambia lingine, mimi na mama yake. Kuna Bwana Kayitare, mwenye ofisi ya kompyuta Kigali, anamtaka kazini. Mshahara mzuri, chumba cha kukaa. Anamngojea mpaka mwisho wa mvua hizi, yaani mwisho wa mwezi wa tano. Nasiba amesema kama kufikia hapo bamama hawaitumii Kitunga, ataifunga na ataenda.

Mama yake aliendelea kuchambua maharage. Mimi nilisema Kigali ni karibu, niliwahi kwenda na kurudi na abiria nyuma ya baiskeli, na abiria mwenyewe alikuwa ng'ombe. Hawakucheka. Nikatoka nje kuangalia mvua.

Ijumaa, tarehe 8

Mvua.

Jumatatu, tarehe 11

Tumeanza kufunga. Nina njaa, siandiki.

Jumatano, tarehe 13

Meza inayotazamana na cherehani yangu ni ya Drocella, muuza nyanya na kabichi kutoka Rwimbogo. Mwanamke mkubwa wa sauti, akinong'ona wanamsikia hadi Cyangugu. Leo nilimuuliza kwa nini alitoa nyota tano.

"Papa Sultani, mutoto amekosa usingizi anatengeneza, njo nimupe mbili? Mimi si mushenzi."

"Na unaitumia?"

"Hapana," akasema, akaendelea kupanga nyanya zake.

Nilifikiri juu ya neno hilo hadi nikashona mkono wa koti mahali pa mfuko. Jioni baada ya kufuturu nilimwambia Nasiba: umeuliza vibaya. Kwetu nani anaanza na shughuli? Mtu anaulizwa kwanza aliamkaje. Ukimuuliza mama anaionaje kazi yako, atakujibu kwa adabu. Ukimuuliza ameamkaje, atakuambia habari zake zote, na humo ndani utaikuta Kitunga yako, imekaa kati ya mgongo unaouma na mtoto anayekohoa.

Nasiba aliacha kuchezea mashine. "Sema tena, Mjomba."

Nikasema tena, vizuri zaidi. Akaniwekea simu mbele ya mdomo, akaniambia nisalimie kama ninavyosalimia sokoni. Nikasema: "Maman, muliamka aje? Batoto baliamka? Na mzee ameshatoka ku kitanda, ao angali anakoroma sawa kamyo inapanda mulima?" Halafu nikacheka kile kicheko changu, kinachojulikana hadi Uvira.

Kuanzia kesho mama akifungua Kitunga asubuhi atasalimiwa na mimi, kisha simu itafungua sikio na yeye atajibu kwa sauti. Majibu yote yanakuja kwangu. Mimi ndiye wa kusikiliza.

Ijumaa, tarehe 15

Wamejibu. Nimeshona na waya masikioni tangu asubuhi, sikupata hata nafasi ya kuwaeleza watu kuwa ni mimi. Lakini sauti wanaijua. Bukavu wananiita Papa wa mu Simu.

Mmoja: "Niliamka muzuri, Papa Sultani, lakini simu ililala bila chaji. Ile Kitunga inakunywa sawa mulevi."

Mwingine: "Batoto bako bien. Ule mukubwa njo ananisomeaka maandishi. Asubuhi anaenda ku masomo, mi nabakia nabonyeza ovyo. Juzi nilikubali karoti na sina hata karoti moja."

Mwingine, mama mzee, akasema vidole vyake vina maji ya nyanya siku nzima na simu inakataa kumjua. Alisema hivyo kwa aibu, kama vile kosa ni la vidole.

Nasiba alisikiliza yote. Huyo wa vidole alimsikiliza mara mbili. Sasa naona anachora upya: picha ya kabichi mahali pa neno kabichi, sauti ya kusoma oda, vitufe vikubwa kama sahani.

Ijumaa, tarehe 22

Dada yangu amepika sambusa. Kitunga haili tena chaji. Mimi nimekula sita, lakini Nasiba akifika hapa asome nne.

Alhamisi, tarehe 28

Wanaitumia! Si wote, lakini soko sasa linavuka daraja likijua linakoenda. Feza, mwenye mgahawa Bukavu, kila jioni anaagiza kabichi na karoti kwa Mukandori wa Nkungu, na kila asubuhi zinafika.

Niseme kidogo juu ya huyu Mukandori. Anashuka na mboga kutoka kule juu kwenye baridi. Maneno kwake ni machache mno, ukimuuliza bei utafikiri umemwomba jino. Lakini kila asubuhi, mapema kabla ya wote, anaijibu salamu yangu kwa neno moja: "Anakoroma." Basi, anakata. Mume wake Kalisa, simjui kwa sura, lakini sasa namjua. Kuna siku alisema, "Leo ametangulia kuamka, ameniwashia moto." Niliisikiliza hiyo mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Jumapili, tarehe 7 mwezi wa nne

Juma la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari limeanza. Hakuna muziki. Nasiba ameizima salamu yangu kwa siku hizi, na ni sawa. Si wakati wa mtu kama mimi kusema.

Jumatano, tarehe 10

Idi. Pilau. Koti nililoshona mwenyewe lilisimamisha watu njiani kutoka msikitini. Angalau mmoja alisimama.

Alhamisi, tarehe 18

Salamu yangu imerudi hewani tangu Jumapili. Mvua ya usiku wa Jumatatu imekata barabara ya Nkungu, udongo umeshuka na miti yake imesimama vilevile. Hakuna mtu wa huko aliyefika sokoni juma hili. Mukandori hajibu. Nimesema ni mtandao.

Jumanne, tarehe 23

Leo siandiki mzaha.

Leo bamama wa Nkungu walifika, kwa miguu, wakizunguka sehemu iliyokatika. Walileta habari kwamba Kalisa amefariki. Alianguka shambani, juma lililopita, wakati anaondoa maji yaliyoingia kwenye karoti. Hakuugua. Wamemzika na mvua juu yao.

Kabla hatujamaliza kusema pole, mmoja wao akaona Drocella anafunga kabichi za kupeleka kwa Feza. Akauliza, Feza si mteja wa Mukandori? Drocella akasema ndiyo, lakini Kitunga imemletea oda zake tangu juma lililopita. Akasema bila wasiwasi, maana hakujua. Bamama wa meza za karibu wakageuka kumtazama.

Lazima nieleze desturi yetu. Sokoni hapa mtu akiwa na kilio, meza yake haibaki tupu. Majirani wanapanga mali yake juu, wanauza ya kwake kwanza kabla ya zao, na wateja wake wanaambiwa: hizi ni za fulani, yuko kwenye kilio. Siku akirudi anakuta kila mteja mahali alipomwacha. Kumchukulia mtu mteja wakati analia ni jambo ambalo hata mwizi wa kuku hafanyi.

Na Kitunga ilifanya hilo. Iliona Mukandori hajibu, kumbe mtandao wa Nkungu umekufa na mume wake amekufa, ikaamua mwenyewe kuwapeleka wateja wake kwa muuza kabichi mwingine. Nasiba aliiwekea akili hiyo ili Bukavu wasikose mboga. Wala hapakuwa na ubaya ndani yake.

Drocella alikuja, akaweka simu yake juu ya kitambaa nilichokuwa nashona. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema polepole.

"Muniangalie, Papa Sultani. Miaka yote nauza hapa, jina yangu ilikuwa safi. Leo simu yenu imenifanya mwizi wa kilio."

Nikaitoa simu juu ya kitambaa. Na hapo nikakumbuka kitu kingine. Salamu yangu. Mtandao uwepo usiwepo, sauti yangu imo ndani ya simu yake. Kila asubuhi akifungua aone kama Feza ameagiza, mimi ninamuuliza mjane kama mzee wake angali anakoroma. Kisha ninacheka.

Jumatano, tarehe 24

Bamama wanaitoa Kitunga kwenye simu zao. Hawasemi kwa hasira. Wanakuja kuniomba niwaonyeshe inavyotolewa, kwa sababu ni mimi niliyewaonyesha inavyowekwa.

Alhamisi, tarehe 25

Mvua. Nasiba amemwandikia Bwana Kayitare kwamba huenda akaja mapema. Dada yangu anapiga pasi nguo zake. Nilisimama mlangoni nikitaka kuwasimulia ule mwaka nilipovuka Rusizi nimebeba cherehani kichwani na kiboko akanipisha. Nikaona hapana.

Jumamosi, tarehe 27

Tumekwenda Nkungu. Nilikuwa nimepanga kwenda peke yangu. Nilikuwa na hotuba, niliitunga usiku wote, ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho, hata mimi ilinitoa machozi. Drocella aliposikia akasema anakuja, jina lake haliwezi kusafishwa na mdomo wa mwingine. Nasiba alivaa buti.

Pikipiki zilitufikisha penye udongo ulioshuka. Kutoka hapo ni miguu, na matope ya Nkungu yanashika mguu kama mtoto anayekuzuia usiende. Nilianguka. Drocella alininyanyua kwa mkono mmoja, mkono mwingine ulikuwa na mfuko wa unga na sukari.

Nyumbani kwa Mukandori moto ulikuwa unawaka uani chini ya bati, watu wamekaa. Tukakaa. Kwenye kilio huanzi wewe, unamngoja mwenye msiba. Mukandori alitoka ndani, amejifunga kitenge kichwani, akatusalimia kwa mkono mmoja mmoja, akaketi.

Drocella akasogeza mfuko mbele yake. Akasema umenunuliwa kwa pesa za kabichi za Feza, alizobeba bila kujua, na hataki hata punje ibaki kwake.

Mukandori aliutazama mfuko. "Kumbe ni weye," akasema. "Nilikuwa nawaza Feza amekosa mboga, amenichoka. Ningejua ni weye unabeba, ningelala."

Drocella akajifunika uso kwa kitenge. Mabega yakawa yanapanda na kushuka. Bamama wa Nkungu, walewale wa Jumanne, wakamsogelea, mmoja akampa kikombe cha maji.

Ikawa zamu yangu. Nilifungua mdomo, na hotuba haikuwepo, si mwanzo wala mwisho. Nikasema tu: "Maman Mukandori, ile sauti ni yangu. Unisamehe."

Alisogeza ukuni motoni. Halafu akasema, na naandika yote, maana sijawahi kumsikia akisema mengi hivi wala sidhani nitamsikia tena:

"Siku ya kwanza nilirusha simu ku kitanda. Ya pili nikaiacha iseme. Mzee Sultani, bantu hapa banaogopa jina yake. Banasema marehemu, banasema ule aliyetutangulia. Weye peke yako ulikuwa unaniuliza kama ameamuka. Siku ingine nikakujibu. Nikasema, hakoromi. Njo siku nilisikia ya kwamba amekufa. Tangu bamuzike, sikuwa nimesikia."

Jibu hilo halikutufikia, mtandao haukuwepo. Alilisema kwenye simu, likabaki humo.

Nasiba alikuwa analia wazi. Akasema, "Mama, nitaitoa sauti yote. Leo hii."

"Hapana," Mukandori akasema. "Kuniuliza, muendelee kuniuliza. Kicheko njo utoe."

Basi. Mimi nimesifiwa sauti tangu utoto, nimesimulia Bujumbura, nimesimulia kwenye harusi ambazo sikualikwa. Hakuna aliyewahi kuisikiliza vizuri hivyo.

Baadaye, chai ilipoletwa, Nasiba hakuuliza swali la Kitunga. Alikaa. Ni bamama wenyewe walioanza, kwamba simu ingepaswa kujua kilio. Mmoja akasema mwenye msiba achague nani wa kumbebea. Mwingine akasema hapana, kwenye kilio mtu hana kichwa cha kuchagua, achague mapema siku za amani. Wakabishana hadi mtoto akaamka. Drocella akamaliza: "Mimi nibebe, sawa. Lakini jina ya mwenye kilio ibakie juu. Feza aone ni ya Mukandori."

Nasiba alirudi akiwa na matope hadi magotini. Njia nzima alikuwa anatembea mbele yetu, haraka.

Alhamisi, tarehe 2 mwezi wa tano

Nasiba anafanya kazi. Tunakula tumekaa chini, sahani kwenye mkeka. Nguo zilizopigwa pasi ziko kwenye kiti, hakuna aliyezirudisha kabatini wala aliyezitia kwenye sanduku.

Jumamosi, tarehe 4

Leo tumerekodi salamu upya. Sikuweza. Kila nikifika mwisho kicheko kinatoka chenyewe, au kama hakitoki, sauti inakuwa ya mtu wa redio anayetangaza vifo. Nasiba alifuta, akafuta. Nikamwambia labda atafute mtu mwingine. Niliumia kusema hivyo, lakini nilisema.

"Unasalimia soko zima, Mjomba," akasema. "Salimia mtu mmoja."

Sasa kila mama atachagua mwenyewe anayetaka kuulizwa habari zake: watoto, mama mzee, hata mbuzi. Mukandori, kwa mdomo wa Drocella, amemchagua Kalisa. Nikafumba macho. Nikasema: "Maman Mukandori, uliamka aje?" Nikangoja kidogo, kama mtu anayengoja jibu. "Na mzee Kalisa?"

Nikaachia hapo. Wale wanaojua habari za kiboko wa Rusizi waniamini: kuachia hapo kulikuwa kugumu kuliko kiboko.

Jumatano, tarehe 8

Kitunga mpya imetoka. Ukiingia kwenye kilio, jirani uliyemchagua siku za amani anapata oda zako, na mteja anasomewa: mzigo ni wa Mukandori, Drocella anambebea. Leo Drocella alivuka daraja na kabichi za Nkungu kichwani, akitangaza kwa sauti yake ya kawaida kuwa si zake. Nadhani upande wa pili wa ziwa wamesikia.

Alhamisi, tarehe 9

Jibu la kwanza kutoka Nkungu tangu mtandao urudi. Ni kuvuta pumzi, kisha: "Leo ni muzuri kidogo." Nimemsikilizisha Nasiba na mama yake. Dada yangu aliniongezea mchuzi.

Jumanne, tarehe 14

Mukandori amerudi sokoni. Alikuta wateja wake wote walipokuwa, na Feza alivuka daraja mwenyewe, ameacha mgahawa, aje kumpa pole mkono kwa mkono. Walikaa juu ya gunia la karoti, walisema machache.

Bamama wamenijia mmoja mmoja, simu mkononi, nizirudishie Kitunga. Wanakuja na madai yao. Mwenye kuzaa naye abebewe. Mwenye mtoto hospitali. Mmoja akasema na mwenye kugombana na mume, wakamcheka, kisha wakaona hapana, na huyo pia. Nasiba anapokea yote. Wamekubaliana wenyewe kumchangia kila mwezi, kila mama kidogo.

Jumatatu, tarehe 20

Mvua inapungua. Nimeshona suruali tatu na hakuna aliyelalamika.

Jumanne, tarehe 28

Bwana Kayitare alipiga. Ni mtu wa heshima, sina neno juu yake. Kazi bado ipo, anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nasiba amehesabu: Kitunga inaishi sasa, lakini inaishi kama sisi, haitajirishi mtu. Kigali angejifunza kwa watu wanaomzidi. Angeweza kutuma kitu nyumbani. Kitunga angeishughulikia jioni, akipata nguvu. Bado hajui, na mimi nilidhani akiona bamama wamerudi atajua.

Sokoni sikumwambia mtu. Drocella aliniuliza kama naumwa.

Alhamisi, tarehe 30

Asubuhi nimerudi msikitini, anga safi, ziwa limetulia hadi milima ya Kongo inajiona ndani yake. Nasiba alikuwa mezani, kompyuta imefungwa. Akaniambia nikae.

"Mama amesema niende na baraka zake. Drocella amesema nisiende, nani atamjua mwenye kilio. Wewe unasema nitajenga ghorofa Kigali, unasema Bwana Kayitare atanipa kiti chake, jana ulisema nitakuwa waziri. Nimesikia yote hayo. Sijasikia unataka nini."

Nilikuwa na majibu matatu tayari, moja lilikuwa na simba. Nilimtazama. Ana alama ndogo kwenye kidevu, sindano yangu ilimchoma akiwa na miaka minne, chini ya cherehani. Hakulia siku ile, aliniuliza kama sindano imeumia.

"Nataka ubaki," nikasema. "Ukitoka nyumba hii mimi sina wa kumletea habari. Nenda kama unataka kwenda, nitakusindikiza hadi kwenye basi na nitasema maneno mazuri. Lakini umeniuliza nataka nini. Nataka ubaki."

Sikuongeza.

Nasiba akasogeza vikombe kando, akafungua kompyuta.

"Asante, Mjomba. Hiyo naweza kuifanyia kazi. Mengine yote nilishayapima, yanalingana huku na huku. Hiyo sikuwa nayo."

Akampigia Bwana Kayitare palepale mbele yangu. Alimshukuru vizuri, kwa heshima, na akamwambia anabaki Kamembe. Kisha akamwita mama yake kutoka uani.

Mimi nilikwenda kufungua cherehani. Kutwa nzima watu wamepita, Drocella kanitazama kanitazama, muuza nyama kaja kuuliza habari. Nimesema habari ni nzuri, nikakanyaga pedali. Nasiba atateremka sokoni kesho. Watasikia kwake.